Matundu Manne Juu ya Dirisha

Tarehe 2 Machi

Fundi wangu,

Leo nimenunua daftari. Muuza duka akauliza, "La vipimo, mama?" kwa kuwa amezoea kuniuzia ya kuandikia vipimo vya wateja. Nikasema ndiyo. Sikutaka kumweleza kwamba mteja mwenyewe ni wewe, na vipimo vyako ninavyo kichwani: shingo kumi na sita, mkono wa kulia mrefu kuliko wa kushoto kwa nusu inchi, maana ndio ulioshika brashi miaka thelathini na moja.

Ni miezi saba sasa. Shule yangu unajua ilipoishia, kwa hiyo usitegemee maandishi ya maana. Lakini nina jambo la kukueleza, na nikilisema kwa sauti mbele ya cherehani, jirani yetu Mama Redio ananisikia dirishani na kuuliza nimepata mgeni gani.

Jambo lenyewe ni chumba cha nyuma. Binti yetu amehama na mtoto. Hatukugombana. Mvua fupi zilizopita kuvu ilipanda ukuta wa dirisha mpaka usawa wa kifua changu, nyeusi, yenye manyoya, na kifua cha mjukuu wako kikaanza kupiga mluzi. Daktari akauliza wanalala wapi. Alipoambiwa, akasema dawa atatoa, lakini dawa haiwezi kushindana na ukuta. Sasa wamepanga chumba ghorofa ya tatu, karibu na posta anakofanya kazi. Chumba kidogo. Mtoto akinyoosha mguu anagusa jiko.

Na posta wamempa uhamisho. Mji wa juu, mkavu, safari ya siku mbili. Wanataka jibu kabla ya mwezi wa sita kwisha.

Jana alikaa kwenye kiti chako akasema, "Mama, mimi sitaki kwenda. Ila siwezi kumrudisha mtoto kwenye chumba kile. Mvua kubwa ndizo zinakuja. Ukuta ukikaa safi mpaka ziishe, nakataa uhamisho, tunarudi. Usipokaa safi, tunaondoka."

"Na mimi?"

"Tutakuchukua."

Kuchukuliwa nakujua. Cherehani pia huchukuliwa. Wateja wangu wako hapa, na wewe uko hapa. Nilimmiminia chai, akainywa amesimama. Nikajiambia moyoni, mtoto huyu siku hizi ana roho ngumu.

Tarehe 5 Machi

Nimeosha ukuta wote kwa sabuni, kisha kwa siki, nikapangusa kwa kitambaa kikavu. Vidole vimekunjamana. Ukuta unang'aa kama sahani.

Tarehe 9 Machi

Leo alikuja yule mwashi, rafiki yako wa kazini, Nusu Mfuko. Bado anaitikia jina hilo, na bado kazi yoyote ukimwonyesha, hata ukimwambia ajenge mnara, anasema nusu mfuko wa saruji unatosha. Tangu tulipokuzika hakukanyaga hapa. Nilikuwa nimemwekea kinyongo, nikuambie ukweli. Watu mliokula pamoja kwenye ndoo moja iliyopinduliwa kila mchana, halafu miezi saba hata hodi!

Alinikuta uani na Mama Redio, ambaye alikuwa ananipa elimu.

"Siki peke yake haifai kitu," Mama Redio anasema. "Changanya na ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, mwaga ukutani, funga mlango. Kesho hakuna kuvu."

"Nani kakwambia?"

"Watu."

"Ukichanganya hivyo viwili, shemeji," Nusu Mfuko akasema akiwa bado mlangoni, "atakayeondoka ni wewe. Kuvu itabaki na nyumba. Ule mvuke wake ni sumu."

Mama Redio akamtazama kuanzia viatu. "Na wewe ulikuwa wapi siku zote na huo ujuzi wako?"

Nusu Mfuko akaingia chumba cha nyuma, akaugonga ukuta kwa vidole vilivyokunjwa kama daktari anavyogonga mgongo wa mgonjwa. Akasema bati ni zima, mfereji wa paa ni mzima, ulikuwa umeufunga vizuri. "Sasa maji yanatoka wapi?" nikamuuliza. Akasema tusubiri mvua, tutauuliza ukuta wenyewe.

Nikadhani ni maneno yake yale yale ya mzaha.

Tarehe 11 Machi

Nimeshona sare sita.

Tarehe 17 Machi

Imeanza. Saa nane mchana, bila upepo, kama mtu aliyefungua bomba akasahau. Nimesimama chumba cha nyuma na mkono ukutani mpaka ilipokatika. Ukuta baridi, lakini mkavu.

Tarehe 18 Machi

Mvua.

Tarehe 19 Machi

Mvua. Shati la mteja halikauki. Nimelitundika chumba cha nyuma pamoja na mengine.

Tarehe 22 Machi

Nusu Mfuko amekuja na selotepu na vipande viwili vya nailoni. Kimoja amekibandika kwenye ukuta wa dirisha, kingine kwenye ukuta wa mlango, pembe zote nne, kama mtu anayefunga bahasha. Akasema nisiviguse siku tatu.

"Unyevu ukiwa nyuma ya nailoni, maji yanatoka ndani ya ukuta. Ukiwa mbele ya nailoni, upande wako, maji yanatoka chumbani."

"Chumbani kuna bomba?"

"Ndiyo tunalitafuta, shemeji."

Nilimpa chai. Hakukaa kwenye kiti chako, alikaa kizingitini na mvua inamrushia mgongoni.

Tarehe 25 Machi

Nailoni ya ukuta wa dirisha ina jasho. Mbele. Upande wangu. Nimepitisha kidole, kikachora njia.

Tarehe 26 Machi

Jana sikuweza kuandika vizuri, nilikuwa na hasira. Nusu Mfuko aliingia nikiwa kazini, pasi imekolea, kitambaa kibichi juu ya suruali ya mteja, na mvuke unapanda. Unavijua vile vitambaa vyangu vibichi. Kila suruali, kila kola. Nyuma yangu mashati tisa yametundikwa kwenye kamba. Dirisha nimelifunga kwa ajili ya mvua, na mlango kwa ajili ya vumbi la mkaa wa uani.

Akasimama pale. Akatazama pasi. Akatazama mashati. Akanitazama mimi.

"Usiseme," nikamwambia.

"Sijasema, shemeji."

"Unacheka."

"Nacheka kwa ndani, hata wewe usingejua."

Kwa hiyo bomba lenyewe ni mimi, Fundi wangu. Mchana karakana yangu, usiku chumba chao. Nilikuwa napika maji humo kutwa nzima, jioni namlaza mtoto ndani yake. Na sisi sote tulikuwa tunatazama juu, tunalaumu bati.

Leo nimehamisha cherehani, meza ya pasi na kamba. Vyote viko barazani chini ya paa. Mama Redio amenisaidia kubeba meza, akalalamika njia nzima juu ya kiuno chake, na hakuiachia mpaka ilipofika.

Tarehe 30 Machi

Utaratibu wangu, nisije nikausahau: Asubuhi hewa ni nzito, madirisha yakae yamefungwa. Kuanzia saa sita mpaka saa kumi, mvua isiponyesha, dirisha na mlango wazi, hewa ipite moja kwa moja. Sufuria zifunikwe. Kabati likae mbali na ukuta, kiganja kizima kipite nyuma yake. Bakuli la mkaa mkavu ndani ya kabati. Kitone kikionekana, kipanguswe siku ile ile.

Siku ninazopeleka nguo kwa wateja, Mama Redio anafungua na kufunga. Sikumwomba. Alisema tu, "Niachie ufunguo, redio yangu inanieleza mvua inakuja saa ngapi."

Tarehe 3 Aprili

Bado kuna jasho. Limepungua, lakini lipo. Hewa inaingia dirishani, na nikifunga dirisha inabaki humo humo. Nusu Mfuko anasema chumba kinavuta pumzi lakini hakitoi. Na rangi imeanza kuvimba kama ngozi iliyoungua. Anasema ikwanguliwe yote mpaka kwenye plasta, tupake chokaa.

Nimemwambia aniache nifikiri.

Ni rangi yako ya mwisho. Uliipaka mwaka jana mwezi wa pili, unakohoa, unasema ni vumbi. Rangi ya maziwa. Ulipomaliza ulirudi nyuma hatua tatu, ukafumba jicho moja, ukasema, "Haya, bibi harusi yuko tayari." Kwenye kona ya chini brashi yako iliacha unywele mmoja, na mimi ninajua ulipo.

Tarehe 4 Aprili

Nimemuuliza Nusu Mfuko kama haiwezekani kupaka juu yake tu.

"Rangi ya mafuta juu ya rangi ya mafuta, shemeji, ni kama kuvaa koti la mvua halafu ukimbie. Nje utaonekana mkavu." Kisha akasema, bila mzaha, "Yeye mwenyewe alijua. Kila mwaka aliniambia, huu ukuta unanishinda. Lakini ulikuwa unafurahi akiupaka."

Sikulijua hilo.

Tarehe 6 Aprili

Leo nina mengi. Nimewasha taa mchana kwa ajili ya mawingu, na nitaandika mpaka mkono uchoke.

Tulianza saa mbili. Nilikata kwanza kile kipande cha kona chenye unywele wa brashi, ukubwa wa kitufe, nikakiweka kwenye kopo la vifungo. Kisha nikamwambia Nusu Mfuko, haya. Yeye na skrepa, mimi na skrepa yako, tumejifunga vitambaa puani, ukuta tunaulowesha kidogo vumbi lisiruke.

Rangi zilitoka kwa zamu. Chini ya maziwa, buluu, ya mwaka binti yetu alipojifungua. Chini ya buluu, kijani ile mbaya uliyopewa bure na tajiri mmoja, tukaishi nayo miaka minne. Chini yake waridi, ya mwaka binti yetu alipoanza shule, uliyoichanganya mwenyewe akiwa amekaa juu ya debe anakuamrisha, "Bado, Baba. Bado. Hapo!" Sikulia. Nilidhani nitalia. Ilikuwa kama kukunjua nguo za zamani, moja moja.

Saa tano hivi Nusu Mfuko akiwa juu ya stuli, skrepa ikatoa mlio mwingine. Akagonga. Akagonga pembeni. Akagonga tena.

"Shemeji, hapa juu ya dirisha palikuwa na nini?"

"Ukuta."

"Siyo ukuta. Pana uwazi. Moja, mbili, tatu, nne. Matundu ya hewa. Nani aliyaziba?"

Nikasema sijui, na nilikuwa sijui kweli. Akachukua tindo na nyundo. Saruji ikatoka kipande kikubwa kama andazi, imepakwa vibaya, mabonde mabonde, siyo kazi ya fundi. Nyuma yake magazeti yaliyosokotwa. Tundu la pili, hivyo hivyo. La tatu, akaingiza mkono, akatoa kijiko.

Kijiko changu, Fundi. Kijiko cha kupakulia nilichopewa na mama yangu siku ya harusi, chenye ua kwenye mpini, kimeganda saruji mpaka shingoni na kimepinda.

Niliketi sakafuni palepale kwenye rangi.

Na hapo ndipo nilipokumbuka. Binti yetu ana miezi mitano, mafua yamemshika, kifua kinakoroma. Nami nimekaa naye humo ndani siku ya tatu sijalala, natazama yale matundu juu ya dirisha, nayachukia. Ulipoingia kutoka kazini sikukusalimu. Nilisema, "Ziba hayo matundu, mtoto anapigwa na upepo." Ukasema zana zimebaki kazini, utaziba kesho. Nikasema, "Leo." Ukatoka, ukarudi na saruji kwenye karai. Mimi nikageuka ukutani na mtoto, nikapitiwa na usingizi.

Kumbe uliziba kwa kijiko. Kikapinda, ukaogopa, ukakizika humo humo.

Mtoto alipona, nasi tukayashukuru matundu yaliyozibwa. Mvua zilizofuata kuvu ikaja, ukapaka rangi. Na zilizofuata, ukapaka. Miaka ishirini na sita umepaka rangi juu ya neno langu, na hukuniambia hata siku moja, "Mke wangu, ni wewe uliyesema."

Nilimweleza Nusu Mfuko. Akashuka kwenye stuli. Akatafuta mahali pa kukaa, akakiona kiti chako, akakiangalia, hatimaye akakaa. "Miezi saba," akasema, "nilikuwa nafika pale kona, nakumbuka kiti hiki, narudi. Niwie radhi, shemeji."

Nikamwambia akae tu, kiti hakina kosa. Kisha nikakumbuka jambo jingine, nikapiga kelele mpaka akaruka.

"Nini tena?"

"Wifi yangu!"

Unalijua hilo, Fundi. Unalijua vizuri sana! Kijiko kilipopotea nilimshika dada yako. Nilimwambia mbele ya watu, kwenye sinia la chakula, kwamba tangu alipokuja kunisaidia kuosha vyombo kijiko changu hakionekani. Mwaka mzima hatukusemezana. Na wewe ulikuwa umekaa pale, unakula, macho kwenye tonge!

Nilicheka. Miezi minane na siku chache, ndiyo mara ya kwanza. Nilicheka mpaka Mama Redio akaja kuuliza kuna nini, nikamwonyesha kijiko, na sasa mtaa mzima unajua.

Tarehe 7 Aprili

Nimempigia wifi simu. Nimemwomba radhi, nikamweleza yote. Akasema, "Mwaka ule kaka yangu alininunulia viatu bila sababu. Viatu vizuri! Nikajiuliza, huyu ana dhambi gani?"

"Ulijua?"

"Nilijua ni yeye. Sikujua ni nini."

Amesema atakuja na viatu anionyeshe. Eti bado anavyo.

Tarehe 12 Aprili

Plasta inakauka. Matundu yote manne yako wazi na yana wavu wa mbu kwa nje. Ukisimama chini yake jioni unasikia hewa ikitoka, taratibu.

Tarehe 20 Aprili

Chokaa, tumepaka mara tatu. Chumba cheupe kinaonekana kikubwa. Kimenitia aibu kidogo, kama mtu aliyenyolewa.

Tarehe 24 Aprili

Mvua kutwa. Nailoni: kavu.

Tarehe 27 Aprili

Binti yetu alipita na mtoto baada ya kazi. Akatembeza kiganja ukuta mzima, hata nyuma ya kabati, uso hauonyeshi kitu. Mjukuu wako, ambaye bado namwita mke mwenzangu kama ulivyoniachia, alisimama katikati ya chumba ameinua kichwa.

"Bibi, nyumba ina pua nne."

"Ndiyo, mke mwenzangu."

"Ikipata mafua itapenga wapi?"

Hata mama yake akacheka. Lakini mlangoni akasema, "Mvua bado, Mama. Tusubiri."

Tarehe 3 Mei

Leo ilikuwa dhoruba. Upepo ulikuja na mvua ya ubavu, ikapenya kwenye matundu, chokaa ikalowa michirizi minne. Nimepanda stuli nikaziba kidogo, kwa leo tu.

Tarehe 5 Mei

Mvua na upepo. Magauni mawili ya harusi, mteja anataka shanga.

Tarehe 8 Mei

Mvua.

Tarehe 11 Mei

Shanga. Macho yanauma.

Tarehe 14 Mei

Nina haya kuandika, lakini daftari hili ni lako.

Wamekuja leo mchana. Mtoto alikimbia moja kwa moja chumba cha nyuma. Mimi nilikuwa namalizia pindo barazani. Nikamsikia anaita, "Bibi! Kuna pilipili manga ukutani!"

Nilijua kabla sijanyanyuka.

Juu ya dirisha, kila upande, vitone vyeusi. Si vingi, mtu angeweza kuvifunika kwa leso. Binti yetu alikuwa ameshapanda stuli. Aliingiza vidole kwenye tundu la kwanza akavuta nguo. Ikaja ndefu, yenye unyevu, mkono baada ya mkono. Akaikunjua mbele yangu.

"Mama. Hili ni shati la Baba."

Ni lile la kazi. Nilikuwa nimelikunja chini kabisa ya kabati bila kulifua, unajua kwa nini. Siku ya dhoruba nilipapasa kabatini, likawa la kwanza kuja mkononi; matundu mengine niliyaziba kwa vipande vya vitambaa. Sijui kama ni kweli kwamba lilikuwa la kwanza. Nilisema kwa leo tu, na nikaliacha siku kumi na moja. Kwenye kola limeota kuvu.

"Upepo ulikuwa unaingia," nikamwambia.

"Unampiga nani?"

Hapakuwa na mtu wa kumtaja. Chumba kilikuwa kitupu. Nilikuwa namkinga mtoto aliye ghorofa ya tatu upande wa pili wa mji. Au nilikuwa namkinga yeye mwenyewe, wa miezi mitano. Sijui.

Nilingoja anikaripie. Nilidhani ataniambia basi, nimeandika barua, tunakwenda. Akashuka, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, shati mapajani.

"Kule kwetu," akasema, "kuna kioo kimoja cha dirisha kimevunjika. Asubuhi naziba kwa gazeti. Nikifika kazini naona hewa itakuwa nzito, mchana narudi mbio nalitoa. Jioni naziba tena. Jirani wa chini ananiita Mama Gazeti." Akajifuta pua kwa nyuma ya mkono, kama zamani. "Mimi ni mwanao, Mama. Ungetaka niwe wa nani?"

Nimekaa naye pale. Miezi yote hii nilimwona ana roho ngumu. Ana hofu tu, na hofu yenyewe naijua, maana ndiyo ile ile niliyomlea nayo.

Mjukuu wako akatuuliza kama tunalilia pilipili.

Kabla hawajaondoka binti yetu alisema, "Siku arobaini na saba zimebaki. Mimi naandika barua ya kukubali, nitaiweka mkobani. Nipe sababu ya kuichana."

Tarehe 15 Mei

Nimemwita Nusu Mfuko, nikamwambia ukweli wote. Hakucheka hata kwa ndani. Akatoka nje, akasimama kwenye mvua akitazama matundu, akarudi na jibu: kila tundu lipate kikofia cha saruji kwa nje, kimeinama, mvua ya ubavu ipige kikofia na hewa ipite chini yake. "Nusu mfuko unatosha," akasema.

Safari hii ulitosha kweli.

Tarehe 16 Mei

Nimefuta vitone, nimepangusa, nimepaka chokaa pale palipolowa.

Tarehe 17 Mei

Nimefua shati lako. Nililiacha kwenye beseni muda mrefu kabla sijatia sabuni. Nimelifua mara tatu, nikalianika barazani. Harufu yako imetoka. Madoa ya rangi hayakutoka: maziwa, buluu, kijani kidogo kwenye mfuko.

Tarehe 21 Mei

Upepo na mvua ya ubavu tangu asubuhi. Nilikaa chumba cha nyuma mikono mapajani, sikupanda stuli. Vikofia vimefanya kazi. Matone machache tu kwenye wavu, yakakauka kabla ya saa kumi.

Mama Redio alichungulia. "Unafanya nini humo?"

"Sifanyi kitu."

"Hiyo ndiyo kazi ngumu," akasema, akaleta kigoda chake akakaa nami tusifanye kitu wawili.

Tarehe 29 Mei

Kavu.

Tarehe 4 Juni

Kavu. Mvua sasa ni za kupita. Wifi amekuja na viatu. Vizuri kweli! Ulijuta sana.

Tarehe 12 Juni

Kitone kimoja nyuma ya kabati. Mama Redio alikuwa amelisogeza ukutani kwa fagio bila kujua. Nimekipangusa, nimelivuta kabati, nikapiga mstari wa chaki sakafuni. Kabati lisivuke hapo, hata lisukumwe na nani. Sikuogopa kama zamani. Ni kitone, nina kitambaa.

Tarehe 20 Juni

Wamelala hapa siku mbili kujaribu. Mluzi haukusikika. Nilijizuia kwenda kusikiliza mlangoni. Asubuhi nikamkuta binti yetu naye amekaa kitandani, anajizuia.

Tarehe 28 Juni

Nusu Mfuko ametoa nailoni za mwisho. Mbele kavu, nyuma kavu. Alizikunja akaziweka mfukoni, akasema ataenda kumwonyesha mteja mwingine. Alikunywa chai kwenye kiti chako, akamega mkate, makombo yakadondoka hapo hapo uliposhindana nami miaka yote juu ya makombo.

Tarehe 30 Juni

Fundi wangu,

Hakuna wingu leo. Binti yetu alikuja na mkokoteni uliobeba kitanda cha mtoto na sufuria mbili. Barua ya kukubali ameichana barazani, vipande akavitia jikoni. Ya kukataa ameiandika juzi, akaigonga muhuri mwenyewe pale kaunta ili isichelewe.

Nilimwonyesha kijiko. Nimekikwangua saruji, lakini kimebaki kimepinda, na wala sitakinyoosha. Amekitundika kwenye msumari chini ya matundu. Anasema akipata wazo la kuyaziba atakiona kwanza. Nami nikamwambia, hata mimi.

Shati lako nimelikata. Nilisita na mkasi, kisha nikakata. Nimemshonea mke mwenzangu aproni ya kuchorea, mfuko wenye kijani umekaa mbele. Amelala nayo sasa hivi, saa tisa alasiri, dirisha wazi, mdomo wazi. Niko kizingitini naandika magotini. Namsikia akivuta pumzi, namsikia akiitoa. Juu ya dirisha hewa nayo inatoka.

Daftari limebaki kurasa mbili, nitaandikia vipimo. Mvua fupi zikirudi nitakuwa na kitambaa changu, na saa zangu za kufungua dirisha, na watu wa kunisaidia kusukuma kabati. Usiwe na wasiwasi juu ya ukuta.

Mimi nakukumbuka kila nikiutazama. Na wewe, huko uliko, unikumbuke.